Pamba ya Rangi ya Waridi

Wachukue yule bwana na yule bibi wa Nembo ya Taifa, wavalishe miwani ya jua, upake Mwenge zambarau, kisha uchape picha hiyo kwenye fulana. Umeivunjia nchi heshima, au umeipenda kwa namna yako?

Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 ina jibu lake. Swali langu ni la maadili: heshima ya alama inakaa wapi? Kwenye mistari na rangi zake, au kwenye ahadi iliyobebwa na alama hiyo?

Kwenye darasa letu la uzamili, sanaa ya pop huanzia New York, kwa Andy Warhol aliyeichapa sura ya Marilyn Monroe mara 50 mwaka 1962. Lakini sisi tulikuwa na kanga zamani: mchapo unaojirudia, rangi kali, na maneno ya kuchokoza. Sura ya Mwalimu Nyerere imechapwa kwenye kanga, mama akabebea mtoto, akajifunga jikoni, akaianika juani. Nani aliona tusi? Dola nayo imeichapa kwenye noti ya shilingi 1,000, inayokunjwa, kulowa jasho na kununulia dagaa mwaloni Musoma.

Basi kurudia na kutia rangi si kosa. Kosa ni kuichukua sura na kuliacha swali. Mwalimu, aliyezikwa Butiama mwaka 1999, aliuliza maisha yake yote nani ananufaika na jasho la nani. Picha yake ya rangi nne, iliyotundikwa mgahawani kupendezesha ukuta tu, imemnyamazisha, hata kama haijavunja sheria yoyote.

Itazame tena nembo. Miguuni pa mwanamume pana karafuu. Miguuni pa mwanamke, pamba. Pamba hiyo inalimwa Bunda. Kiwanda cha nguo cha MUTEX, pale Musoma, kilikaa kimya miaka mingi, huku sisi tukivaa mitumba. Nembo ukutani haikupata hata mkwaruzo.

Sasa msanii aichore pamba ile kwa rangi ya waridi, aining'inizie kikaratasi cha bei ya mtumba. Wapo watakaosema ametukana taifa. Mimi naona amelisoma. Miwani ya jua peke yake haisemi kitu. Kikaratasi kile kinasema. Na anayeilinda nembo isichafuke, bila kuuliza pamba ilikwenda wapi, analinda karatasi.