Msamaha wa Glaucus

Katika baraza moja la wazee wa kanisa, mweka hazina aliyekula akiba ya wajane alisimama, akalia, akasamehewa. Na mjane mmoja alipouliza fedha zake zitarudi lini, aliambiwa akamsome Glaucus wa Quo Vadis, aliyesamehe hali moto wamla. Jawabu hilo lingali laniudhi.

Riwaya hiyo ya Henryk Sienkiewicz, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1896, yasimulia Roma ya mwaka 64, Kaisari Nero alipowatwika Wakristo lawama ya moto ulioteketeza mji. Chilo, Mgiriki mjanja, alikuwa amemsaliti tabibu Glaucus kwa wanyang'anyi na kuwauza mkewe na wanawe utumwani. Glaucus alimsamehe, baada ya Mtume Petro kukumbusha neno la Bwana. Na Chilo, akiisha kusamehewa, akaenda akawachongea Wakristo wote.

Hoja inichomayo katika jawabu lile la wazee ni hii: kwamba asiyesamehe ana dhambi kubwa kuliko aliyekosa. Kwa hila hiyo mdai hugeuzwa mdaiwa, na mdhulumiwa, ambaye jana aliibiwa mali, leo aibiwa hata haki ya kunung'unika. Tena wasemao hivyo hawakukisoma kitabu hadi mwisho. Msamaha wa pili wa Glaucus, aliposamehe amefungwa nguzoni akiungua bustanini mwa Nero, ulimtoka bila ya kuamriwa na baraza lolote. Na Chilo hakurudi nyumbani kula chakula cha usiku, bali alimnyoshea Kaisari kidole mbele ya umati, akanena kwamba mchoma mji ni huyu, akalipa kwa kusulubiwa. Mweka hazina wetu hajarudisha hata senti.

Wako wasemao kwamba neema haipimwi kwa mizani. Wana haki yao.

Nami humwelekea zaidi Petronius wa riwaya hiyo hiyo, mstaarabu asiyebatizwa, ambaye kabla ya kufa karamuni alimwandikia Nero waraka wa dhihaka, akakivunja chombo chake cha thamani kisinywewe na mwingine. Hakumsamehe mtu, na bado msomaji hamchukii. Kwa nini, sijapata kueleza.

Ama Chilo, sikati shauri kama aliokolewa na machozi yake au na kidole kile. Glaucus alisamehe lililo lake. Wala sijui kama mkewe, lau angaliulizwa huko alikouzwa, angalisema kama mumewe.