Moto na Kizuizi Chake

Ndugu zetu, mwiba ukituchoma, kidole kikavimba na kupata moto, twaulaumu mwiba peke yake. Walakini moto ule huwashwa na askari wetu wenyewe, seli za kinga ziitwazo makrofaji. Siku za amani askari hao huchoma chakula chao polepole kwa oksijeni. Vijidudu vikiingia, huivamia sukari kwa pupa, na pupa hiyo tusiitukane, kwani ndiyo iwapayo nguvu za haraka za kupigana. Lakini uvimbe usiotulizwa hula viungo vya mwenyewe, kama katika baridi yabisi. Subhana-Llah! Katika uchomaji uo huo seli hutengeneza itakoneti, ambayo mwaka 2018 wataalamu wa Dublin, Ayalandi, pamoja na wenzao, walionyesha kuwa huutuliza uvimbe.