Hajulikani kwa Nani?

Niliwahi kulipwa kuandika karatasi ya programu ya onyesho dogo la gitaa la klasiki hapa Westlands. Vipande sita, vyote vipya, vilivyotungwa kutokana na nyimbo na ngoma za kwetu. Kuhusu cha nne niliambiwa tu, "Ni ya Waluhya, ya kitambo." Nikaandika: wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Si ilisikika poa, kama kitu chenye umri.

Nikamtumia mjomba wangu wa Butere picha ya karatasi ile pamoja na sauti ya mazoezi. Akajibu: "Hajulikani kwa nani?"

Kumbe ilikuwa "Sengula Nakupenda" ya George Mukabi, fundi wa omutibo aliyefariki 1963. Rika lote la mjomba linamjua. Asiyejua nilikuwa mimi, na ujinga wangu nikaubandika kwenye wimbo wake kama sifa ya wimbo.

Nilipomwambia mpiga gitaa, alijitetea: hata Mukabi aliazima. Ni kweli. Kidole gumba chake kinabeba mdundo wa ngoma za sukuti, na pembeni mtu anagonga chupa ya Fanta. Nani alitunga sukuti? Hapo jibu la kweli ni kwamba ni ya watu wengi, na kusema hivyo si kumwibia mtu. Lakini kuna tofauti kati ya jina ambalo halipo na jina ambalo hukuuliza. La pili ni deni.

Sheria haitusaidii sana. Kenya hulinda utungo kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake; kwa Mukabi hesabu hiyo ilishapita. Ile ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi inalinda mali ya jamii, na huu ni wimbo wa mtu mmoja. Kwa hivyo hakuna wa kutushtaki. Ndiyo maana swali linabaki la adabu: utamtaja mtu hata kama hakuna anayekulazimisha?

Na msiseme ati noti ndizo zinazofuta watu. Mwaka 1961 David Rycroft alichapisha uchambuzi wa gitaa la Mwenda Jean Bosco, noti kwa noti, kwenye jarida la African Music. Jina la Mwenda liko kwenye kichwa cha makala. Kalamu ile ile inayoandika noti inaweza kuandika jina.

Karatasi zetu zilikuwa zimeshachapwa, 60. Alasiri ya onyesho nilikaa mlangoni nikikata "hajulikani" kwa biro na kuandika George Mukabi, moja baada ya nyingine. Wengi hawakusoma. Mjomba nilimtumia picha tena. Akauliza kitu kimoja tu: "Na chupa mlibeba?"

Hatukuwa tumebeba.