Haki ya Jirani na Ukuta wa Qadian

Katika Sura An-Nisaa Mwenyezi Mungu ameamuru wema kwa majirani wa namna mbili: jirani aliye jamaa na jirani aliye mtu baki. Aliyekulia shamba anajua kwamba ugomvi wa mipaka huwa mkali zaidi baina ya watoto wa ndugu waliorithi ardhi ya babu mmoja.

Jambo hili lilimfika hata Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., kijijini kwake Qadian, katika Punjab ya Bara Hindi. Wana wa ami yake, Mirza Imamuddin na Mirza Nizamuddin, walikuwa majirani zake na wapinzani wake wakali. Tarehe 7 Januari 1900 Mirza Imamuddin alijenga ukuta, akaiziba njia iendayo Msikiti Mubarak. Waliokuja kusali, pamoja na wageni waliotoka mbali, wakalazimika kuzunguka njia ndefu, ambayo wakati wa mvua ilijaa matope.

Wafuasi wake wangaliweza kuubomoa ukuta ule kwa usiku mmoja, lakini hawakuruhusiwa. Binamu zake walisihiwa kwa upole, wakakataa. Ndipo shauri likapelekwa mahakamani Gurdaspur. Ikaonekana hati ya zamani iliyothibitisha kwamba marehemu baba yake naye alikuwa na haki katika kiwanja kile. Tarehe 12 Agosti 1901 hakimu aliamuru ukuta uondolewe, nao ukabomolewa tarehe 20 ya mwezi huo.

Walioshindwa walipaswa pia kulipa gharama za kesi. Baadaye wakili, bila kumtaka shauri Seyidna Ahmad a.s., aliomba gharama hizo zidaiwe. Mirza Nizamuddin akamwandikia kuomba ahurumiwe. Seyidna Ahmad a.s. alisikitika kuona dai lile limepelekwa, akasamehe yote.

Ndugu wasomaji, mbona alisamehe gharama asisamehe njia? Kwa sababu njia haikuwa yake peke yake. Ilikuwa haki ya kila aliyekwenda kumwabudu Mungu. Bali fedha zilikuwa zake, naye akaziacha. Kurani Tukufu, katika Sura Ash-Shura, inasifu msamaha uletao suluhu. Haikumpa mtu ruhusa ya kusamehe kisicho chake.

Basi ami anayesimamia shamba la mayatima, jirani akilimega, asiseme, "Tumemsamehe." Haki hiyo ni ya mayatima, aidai kwa njia ya sheria. Tanzania, kwa mfano, sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliweka mabaraza ya kusuluhisha magomvi kama haya. Naye anayesogeza mpaka usiku akumbuke onyo la Mtume Mtukufu s.a.w., kwamba aliyedhulumu ardhi hata shubiri moja atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Lakini ukiisha kupata haki, usimfuate jirani yako mpaka kwenye kuku wake wa mwisho. Wachagga wa Kilimanjaro hupanda masale mipakani mwa vihamba vyao, na jani hilo hilo la sale hupelekwa na mtu aombaye radhi. Tuulinde mpaka, na jani likiletwa tulipokee.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa waadilifu katika haki za wenzetu na wepesi wa kusamehe zilizo zetu. Amin.