Ziba ufa, ila si kwa saruji

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini utauziba kwa kitu gani? Nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hupumua: unyevu huingia na kutoka. Mwenye nyumba anayejifanyia ukarabati hukimbilia saruji kwa kuwa hukauka upesi. Mwanzoni ukuta hupendeza kweli. Kisha maji yaliyofungiwa ndani husukuma chumvi nje, rangi huvimba malengelenge, lipu hubanduka vipande vizima na jiwe nyuma yake linamomonyoka. Inauma, maana jasho lilimtoka. Chokaa ni ya taratibu, na mafundi wanaoijua wangalipo. Waulizwe kabla mwiko haujashikwa.