Mwenye Kuziba Mto

Msomaji kijana, kama wewe ni mzaliwa wa Meru au wa Embu, yamkini uliwahi kuziba kijito. Mchezo huu hauna mwalimu. Watoto watatu hukutana penye maji. Mmoja huviringisha jiwe, wa pili hung'oa bonge la nyasi na udongo wake, wa tatu huchota tope la kuzibia nyufa, na kabla ya adhuhuri maji yaliyokuwa ya vifundo vya miguu huwa ya kiuno. Sisi tulifanya hivyo katika kijito kimoja kiingiacho mto Thuchi, ule ambao tangu zamani ni mpaka baina ya Embu na Meru. Haja yetu ilikuwa kuogelea, na kunasa samaki wadogo ambao, kwa dhana yetu, wangepumbaa katika maji yaliyotulia. Tulikuwa katikati ya makelele ya furaha wakati nyanya mmoja alipotokea upande wa chini, akipanda taratibu kando ya kijito, mtungi mtupu mkononi. Hakutugombeza. Alisimama akalitazama bwawa letu kitambo, kisha akasema, "Wajukuu wangu, mmejenga vizuri. Basi niambieni, mimi leo nitapika kwa maji gani?"

Miaka zaidi ya ishirini imepita, na swali hilo bado linakaa nami. Nimelipeleka mbele ya wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu mara nyingi, nao kila mara hugawanyika. Je, mwenye kuziba mto kwa haja yake njema ana deni lolote kwa aliye chini yake? Na kama analo, lilianza lini: alipoweka jiwe la kwanza, au alipomwona yule mwenye mtungi?

Ili tulipime swali hili, nataka kwanza nikuonyeshe mjenzi mmoja asiyepatikana katika mito yetu. Katika nchi za baridi za Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia yuko mnyama aitwaye biva. Ni wa jamaa ya panya, lakini uzito wake huweza kupita kilo 20. Mkia wake ni bapa mithili ya mwiko, na meno yake ya mbele, yenye rangi ya machungwa, hayakomi kukua. Kwa meno hayo huangusha miti, akaiburuta hadi mtoni, akaupinga mkondo kwa magogo, fito, mawe na tope mpaka maji yainuke na mlango wa nyumba yake uwe chini ya maji, adui asiufikie. Huko Alberta, katika nchi ya Kanada, upo ukuta mmoja wa biva ambao urefu wake wapita mita 700; ulitambuliwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Shule nyingi za kwetu hazina uwanja wa urefu huo.

Wavuvi wa nchi hizo hawana neno moja juu yake. Scotland, ambako biva alikuwa amewindwa hadi akatoweka kwa ajili ya ngozi yake, alirudishwa kwa idhini ya serikali mwaka 2009 baada ya karne kadhaa. Baadhi ya wavuvi walinung'unika kwamba kuta zake humzuia samaki apandaye mto kwenda kutaga, na ya kuwa tope hufunika changarawe anamowekea mayai. Wengine wakajibu kwamba katika maji yake ya kina samaki wachanga hupata chakula, na wakati wa ukame hupata maficho. Wala hakuna kati yao asemaye uongo, kwani hutegemea ni mto upi na mvua ya mwaka upi. Marekani, katika jimbo la Idaho, wakubwa waliona faida ya biva kuwa kubwa hata mwaka 1948 wakawadondosha 76 kutoka kwenye ndege, wakiwa masandukuni chini ya miavuli, ili wakazibe vijito vya milimani. Argentina nayo iliwaleta wachache mwaka 1946 kwa tamaa ya ngozi, nao wakazaana na kuangamiza misitu ya kandokando ya mito, kwa maana miti ya kule haikuzoea kuguguniwa hivyo.

Usidhani mambo hayo ni ya mbali nasi. Samaki anayegombaniwa kule ni pamoja na trauti, na trauti yumo katika maji yetu baridi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland, yakatiwa katika mto Gura huko Nyandarua. Baadaye trauti wakapandwa pia katika mito ya Mlima Kenya, na leo wamo hata katika ziwa Ellis, juu ya Chogoria. Samaki wa asili wa mito hiyo hawakuwa na wa kuwasemea.

Sasa, twaweza kumhukumu biva? Mtaalamu mmoja wa Sweden, Lars Wilsson, aliwachunguza kwa makini. Aliweka chombo kitoacho sauti ya maji yanayotiririka mahali ambapo maji hayakuwa yakitiririka kabisa, nao biva wakaja wakarundika fito juu ya chombo kile. Fikiri juu ya jambo hili, msomaji. Kinachomwamsha biva kujenga ni sauti. Akisikia maji yanakwenda, mwili wake hauna raha mpaka ameyanyamazisha. Hajui habari za samaki walio chini wala za mvuvi, na hata ukimlalamikia mwaka mzima hataacha. Basi kumwita mwovu ni upuuzi, na kumwita mwema, kama wafanyavyo wanaompenda, ni upuuzi ule ule. Lawama na sifa ni mavazi yasiyomfaa.

Lakini wako wajenzi wengine, na hao ni wa kwetu. Ukishuka kutoka mji wa Embu kuelekea nchi ya Wambeere, baridi ya mlima hukuacha, udongo hugeuka, na mwishowe hufika penye mto Tana, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya. Hapo, katika muda wa miaka 20, zilimalizika kuta tano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Bwawa la Masinga peke yake, likijaa, hutanda kilomita za mraba zipatazo 120. Kuta hizo zilitupa umeme, na taa unayosomea usiku huenda huwashwa na maji hayo. Zilitupa samaki pia. Wazee wengi wa kwetu hawakuwa walaji wa samaki. Leo tilapia na kambare wa mabwawa hayo huuzwa sokoni, na wako vijana ambao riziki yao ni wavu na mtumbwi, ijapokuwa mamba na viboko hushiriki nao maji yale.

Hayo ndiyo ya juu ya ukuta. Chini yake Tana huendelea mamia ya kilomita katika nchi kavu mpaka Bahari ya Hindi, na huko tangu zamani Wapokomo walilima kwa kufuata mafuriko yaliyokuja mara mbili kwa mwaka, panapo mwezi Mei na panapo Novemba. Mto ulipojaa ulimwaga maji na rutuba mashambani. Ulipopungua waliotesha mpunga na migomba, wakavua samaki waliobaki katika vidimbwi, na Waorma wakaleta ng'ombe wao penye majani mabichi. Tangu kuta zijengwe mafuriko hayo yamepungua nguvu, na vidimbwi vingi havifikiwi na mto kama zamani. Mvuvi wa Mbeere alipata ziwa, na mvuvi wa chini akapungukiwa na lake. Nao Wambeere wengi walioishi karibu na mitambo walikaa miaka mingi katika giza, wakitazama nyaya zikipita juu ya paa zao kwenda Nairobi.

Wako wanafunzi wangu wasemao, "Mwalimu, watu milioni hupata umeme, watakaoumia ni wachache. Hesabu imekwisha." Sikubali kwamba imekwisha. Faida ya wengi ni sababu njema ya kujenga. Si sababu ya kutouliza. Mtu akichukua jembe la jirani kwa kuwa shamba lake ni kubwa zaidi, hata akivuna magunia mia, jembe bado si lake, na ile mia haijibu swali la jirani. Wengine husema kwamba watu wakiulizwa watakataa, na kazi haitafanyika kamwe. Huenda, lakini mwenye kuuliza hapati neno la ndiyo au siyo peke yake. Hupata kujua kinachopotea, ni cha nani, ni kiasi gani, na kwa majira gani ya mwaka maji yakifunguliwa yatamfaa aliye chini bila kumharibia sana aliye juu. Mambo hayo hayaandikwi katika michoro ya mhandisi. Yamo vichwani mwa watu wenye mitungi.

Ama hoja ya "sikujua," hiyo nimeichukia kwa sababu ilikuwa yangu. Kutojua kwa biva ni umbile lake. Kutojua kwetu siku ile kulikuwa uvivu: kila mmoja wetu alikuwa amewahi kutumwa maji, na kila mmoja alijua ya kuwa kijito kina upande wa chini. Hatukuukumbuka. Biva husikia maji tu. Sisi tuliumbwa na masikio ya kusikia na mengine.

Na mambo haya hayahitaji ukuta mkubwa. Wakati wa kiangazi katika miteremko ya Meru mabomba ya kumwagilia mashamba huweza kuunyonya mto mpaka walio nyanda za chini wakaona changarawe tupu. Baada ya sheria ya maji ya mwaka 2002 viliundwa vyama vya watumiaji maji, ambamo wa juu na wa chini huketi pamoja na kupatana zamu. Vingine vina nguvu, vingine ni jina na muhuri tu. Lakini mahali ambapo mkulima wa juu amemwona kwa macho yake mchungaji wa chini, nimeshuhudia bomba likifungwa bila askari. Tena kwa miaka mingi uko mpango wa ukuta mwingine wa Tana, mkubwa kupita yote, mahali paitwapo High Grand Falls, mpakani mwa Tharaka na Kitui. Ukijengwa utayapokea hata maji ya Thuchi yetu. Huenda miongoni mwenu mnaosoma insha hii yumo atakayeuchora, na yumo ambaye shamba la babu yake litakuwa chini ya maji.

Liko neno moja linalonishinda. Aliyeko huweza kuulizwa. Lakini samaki je, na mtoto wa Mpokomo ambaye hajazaliwa? Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba hao huulizwa kwa kuacha kitu bila kukitumia. Sijapata jibu bora kuliko hilo, wala sijaridhika nalo.

Turudi kwenye kijito. Nyanya alipouliza swali lake hakuna aliyejibu. Mkubwa wetu akaanza kubomoa ukuta kwa haraka na aibu, naye nyanya akamzuia. "Jiwe moja tu," akasema, "hilo la pembeni." Tukaliondoa. Maji yakapenya kwa kipimo, na bwawa likabaki la mapaja. Akateremka mahali pake pa kuteka, akangoja, na mtungi ulipojaa akaniita mimi niliyekuwa mdogo wa wote, akaniwekea begani. Nyumba yake ilikuwa mbali zaidi kuliko tulivyopata kuifahamu.