Dalili ya Mvua Ni Mawingu: Wajibu wa Aliyeona

Methali hii imezoeleka mno hata maana yake imepungua uzito midomoni mwetu. Mzazi huitaja mtoto anapoanza kutoroka shule, mfanyabiashara huitaja wateja wanapopungua, na mara nyingi hutajwa baada ya jambo kuharibika, kwa sauti ya mtu anayejipongeza kuwa aliona mapema. Ufafanuzi unaofundishwa ni mfupi: jambo kabla ya kutokea huonyesha ishara. Ni sahihi, lakini ni nusu ya maana. Wazee hawakuwa na haja ya kutuarifu kwamba mvua hutoka mawinguni, kwani hilo hata mtoto analijua. Walichotuachia ni agizo: aliyeona wingu hana tena udhuru wa aliyelowa bila kujua. Methali hii inahusu wajibu kuliko utabiri, na hakuna mahali panapoidhihirisha vizuri kuliko miguuni pa milima, ambako maisha yote hufuata mageuzi ya misimu.

Tuutazame Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukifika mlimani hulazimika kupanda, hewa hupoa, na unyevu hugeuka mawingu. Ndiyo maana miteremko ya kusini, kuanzia Kibosho hadi Marangu, imejaa migomba na kahawa, ilhali upande wa kaskazini, kuelekea tambarare za Amboseli, mvua ni haba. Masika huja kati ya Machi na Mei, na vuli hufika mwishoni mwa mwaka. Lakini kazi ya masika haianzi na masika. Mwenye shamba la mahindi tambarare hulima ardhi ikiwa bado ngumu, na wapo wanaopanda kwenye vumbi ili mvua za kwanza ziikute mbegu ardhini. Huko juu mlimani, watumiaji wa mfongo mmoja, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, huitana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya jamii: hufyeka kingo, huzoa tope na majani yaliyooza, huziba palipovuja. Hakuna kati yao aliye na hakika ya siku mvua itakapoanza. Hapa ndipo falsafa ya methali ilipo. Kati ya kutojua na kuwa na hakika kuna kujua kwa dalili, na sehemu kubwa ya maisha ya binadamu huamuliwa humo. Anayesubiri hakika husubiri mvua yenyewe, na ikishanyesha hakuna tena cha kuamua.

Mpinzani atasema kwamba mawingu hudanganya, na ana hoja. Miezi ya Juni na Julai, kipupwe kinapoingia, kilele cha Kibo huweza kufichwa na mawingu kwa siku kadhaa, na mjini Moshi yasidondoke ila manyunyu. Aliyepanda kwa kulifuata kila wingu atapoteza mbegu. Hata hivyo methali haikusema kila wingu ni mvua. Imesema mvua ina dalili, na dalili husomwa na mtu anayezijua tabia za mahali pake: msimu gani, upepo unatoka wapi, wingu limetanda chini ya mlima au limeng'ang'ania kileleni. Zaidi ya hapo, makosa hayalingani uzito. Anayezibua mtaro na mvua isinyeshe amepoteza jasho la asubuhi moja. Anayeuacha umeziba na mvua ikaja huenda akapoteza nyumba. Palipo na hatari ya kupoteza pande zote mbili, kama kwenye upandaji, mwenye busara hupanda sehemu na kuweka akiba ya mbegu. Basi methali haituamuru tuamini kila ishara. Inatutaka tuchukue hatua inayolingana na uzito wa dalili na gharama ya kukosea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: misimu yenyewe imebadilika, hivyo dalili za wazee zimekufa. Ni kweli kwamba tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu la Kilimanjaro limetoweka, na vuli ambayo mwaka mmoja hukosekana, mwaka mwingine hufurika, kama ilivyokuwa 1997 na 2023. Lakini mabadiliko hayo hayaivunji methali, bali yanatutaka tuongeze mawingu ya kutazama. Joto la Bahari ya Hindi magharibi ni wingu, kwani likizidi, vuli yetu huelekea kuwa kubwa. Moto ulioteketeza sehemu za mlima Oktoba 2020 ni wingu pia, tena zito kuliko barafu inayopigwa picha na wageni, kwa sababu maji ya mifongo na mito hutegemea zaidi mvua na ukungu wa ukanda wa msitu kuliko barafu ya kileleni. Mzee aliyeisoma mbingu na mtaalamu anayeisoma bahari wanafanya kazi moja, na kumdharau mmoja kwa ajili ya mwingine ni kujipunguzia macho.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo wafafanuzi wengi hulipita haraka. Maskini huliona wingu sawasawa na tajiri, ila hana bati la kuezekea wala kiwanja kingine cha kuhamia. Je, naye alaumiwe? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutahadharisha mapema juu ya El Niño ya 2023. Kisha tarehe 3 Desemba mwaka huo, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Tahadhari ya msimu wa taifa zima haimwambii mama wa Katesh ni mteremko upi utakaoachia, na kusema kwamba alionywa ni kumdhulumu marehemu. Wajibu wa aliyeona hupimwa kwa kiasi cha alichoona na uwezo alio nao. Mwenye vipimo, bajeti na madaraka ya kupanga makazi huona mbali kuliko mwenye jembe, kwa hiyo deni lake ni kubwa zaidi.

Tuache, basi, kuitumia methali hii kama rungu la kumpigia aliyekwisha kuanguka. Mahali pake ni kabla ya tukio: kwenye kikao cha kijiji kabla ya masika, kwenye meza ya mpangaji wa mji kabla kiwanja cha bondeni hakijagawiwa, na nyumbani kabla mwana hajapotea. Ukiona wingu, sema. Ukiwa na uwezo, tenda. Na ukiwa na madaraka, usingoje kuulizwa.